Nilivyotangaza Akiba ya Nchi Mbili Redioni

Ubishi ulianzia kwenye samaki. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, tumekaa kwa kaka yangu Busia, upande wa Kenya, na wifi yangu alikuwa ametukaangia mbuta mpaka nyumba nzima inanukia. Kaka yangu ni ajenti wa mizigo pale Malaba. Kazi yake ni kuwashughulikia madereva wa malori karatasi za forodha, na kazi hiyo imempa sauti ya kushindana na injini. Mume wangu ni mtu wa Mulanda, kule Tororo upande wa Uganda, mkulima na mfugaji, mpole kwa kila jambo isipokuwa Uganda. Ukiigusa Uganda mbele yake, umemgusa yeye. Mimi nilizaliwa Busia, nikaolewa Tororo, na huko Tororo nafundisha uchumi katika shule ya sekondari. Nikiwa kati ya wanaume hao wawili huwa sina timu.

"Shemeji, ongeza samaki," kaka alimwambia mume wangu. "Najua kwenu hamli, mnaweka akiba tu."

"Afadhali sisi tunaoweka," mume wangu akajibu, huku akiongeza kweli. "Nyinyi shilingi ikiingia asubuhi, jioni imeshaliwa. Kesho yake mnakopa."

"Nani anakopa? Kenya hii, na mabenki yote haya? Nyinyi mnaweka nini, matoke?"

Wifi yangu alicheka mpaka akaweka sahani chini. Wale wawili waliendelea hivyo, huyu akitaja barabara, yule akitaja kahawa, mpaka kaka akanigeukia na kuninyooshea kidole chenye mafuta. "Si wewe ndiye unayefundisha mambo haya? Hebu sema. Kati ya nchi hizi mbili, ni ipi inayoweka akiba zaidi?"

Nilifungua mdomo kujibu, nikagundua kwamba sijui. Miaka yote nimeandika ubaoni maana ya akiba ya taifa, nimewatungia wanafunzi mitihani juu yake, lakini sikuwahi kuziweka nchi zangu mbili bega kwa bega nikazitazama. Swali lile lilinishika. Tulipokuwa tunavuka mpaka kurudi nyumbani, mume wangu alinisemesha mara kadhaa bila kupata jibu.

Jumatatu, baada ya vipindi, niliingia kwenye chumba cha kompyuta pale shuleni na kuanza kutafuta. Takwimu hizo ziko wazi kwa mtu yeyote, ila zimekaa kwenye majedwali marefu yanayochosha macho. Nilichukua za Uganda, nikachukua za Kenya, nikatafuta miaka inayolingana. Sikutaka kusoma namba. Nilitaka kuona. Nilinunua karatasi kubwa ya manila, nikaitandaza juu ya meza ya chakula nyumbani, nikaanza kuweka nukta: nyekundu za Kenya, njano za Uganda, mwaka baada ya mwaka, kila nukta ikionyesha katika kipato chote cha nchi ni sehemu gani iliyobaki bila kuliwa.

Kisha nikaanza kuunganisha nukta. Wapo watu wanaosisimka wakiona timu yao inafunga bao. Mimi nilisisimka pale mezani, kalamu mkononi. Mstari wa njano, ule wa Uganda, ulianzia bondeni kabisa, kwenye ile miaka ya vurugu na vita ambayo baba mkwe wangu husimulia kwa sauti ya chini. Mstari mwekundu ulikuwa juu yake, umetulia kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake. Halafu wa njano ukaanza kupanda. Ulipanda, ukateleza, ukapanda tena, huku mwekundu ukianza kuteremka polepole, na mimi nikajikuta nimesimama, nimeinamia meza, nanong'ona peke yangu, "Inakuja! Inakuja!" Mistari ile ilikutana. Ikagusana, ikatengana, kisha wa njano ukapita juu.

"Kuna nini?" mume wangu aliuliza kutoka nje, alikokuwa akiosha miguu.

"Njoo uone!"

Alikuja na miguu inachuruzika maji. Nilipomwonyesha mahali mstari wa njano ulipopita ule mwekundu, alitoa simu yake, akapiga picha, na akamtumia kaka yangu papo hapo.

Kaka alijibu baada ya dakika chache tu: "Hiyo ni ya kuchorwa. Mimi pia naweza kuchora."

Karatasi ile niliipeleka darasani. Wanafunzi wangu, ambao kwa kawaida saa za mchana huwa wamelegea kwa joto, waliacha madawati yao na kuisonga meza. Kila mmoja alikuwa akitafuta mwaka aliozaliwa. Msichana mmoja aliuliza kwa nini mistari haiendi sawa kama barabara, na kabla sijamjibu wengine wakamjibu: ukame, bei ya kahawa, vita, uchaguzi. Sikuwahi kuona darasa langu likibishana hivyo juu ya jambo la kwenye silabasi.

Baba wa msichana yule ni mtangazaji katika kituo cha redio hapo Tororo, mtu ambaye wikendi hutangaza mpira na siku nyingine huongoza mazungumzo ya wananchi kwa Kiswahili, kwa kuwa wasikilizaji wake wapo pande zote mbili za mpaka. Alinipigia simu jioni ileile.

"Mwalimu, binti yangu hapa nyumbani hazungumzi jambo lingine ila mistari yako. Nakuomba Jumamosi uje hewani utuambie nani anashinda."

"Si mashindano," nikamwambia.

"Kwa hapa mpakani kila kitu ni mashindano, mwalimu. Wewe njoo."

Wiki nzima nilisikia tangazo lake. Lilikuwa na ngoma, na sauti yake ikinguruma: "Uganda na Kenya! Nani anaweka, nani anakula? Jumamosi asubuhi, usikose!" Nilipopita sokoni wauza nyanya walinisimamisha wakaniuliza, madamu, ni nani? Kaka naye alinipigia kutoka Malaba akaniambia madereva waliokwama foleni wameshawekeana dau la soda. "Usituangushe," akasema. "Wewe ni wa kwetu." Mume wangu alisikia, akasema kwa utaratibu kwamba mahari alishalipa, kwa hiyo mimi ni wa kwao.

Kitu kilichonitia hofu ni lugha. Darasani nafundisha kwa Kiingereza kama shule zote za Uganda, na Kiswahili changu ni kile cha utotoni, cha kucheza mpira wa kati na kununua mandazi. Usiku na mchana nilitafuta namna ya kulisema jambo hili kwa maneno ambayo mama yangu angeyaelewa. Vitabuni wanaita akiba ghafi ya taifa. Nililirudia jina hilo nikikoroga uji na nikifua nguo, mpaka ulimi ukalizoea.

Jumamosi nilifika kituoni na karatasi yangu ya manila nimeikunja chini ya kwapa. Chumba cha kurushia matangazo ni kidogo, kuta zimefunikwa magodoro membamba, na joto lake ni la tanuri. Nilianza kuitandaza karatasi ukutani. Mtangazaji alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu," akasema, "hii ni redio."

Nilibaki nimeshika pembe za karatasi. Kwa siku zote zile za maandalizi, sikuwa nimefikiria kwamba hakuna atakayeona. Taa nyekundu ikawaka, tukawa hewani, na yeye akanikaribisha kwa sifa ambazo sikuwa nazo.

"Haya, mwalimu, kwanza tufafanulie. Akiba ghafi ya taifa ndiyo mnyama gani?"

"Chukua kipato chote cha watu wa nchi kwa mwaka mzima," nikasema. "Cha mkulima, cha mwalimu, cha dereva, hata cha yule aliye nje ya nchi akituma nyumbani. Toa kila kilicholiwa na kutumika, na wananchi na serikali. Kile kinachobaki ndicho akiba ya taifa."

"Na ghafi?"

"Ghafi ni kwa sababu bado hatujatoa uchakavu. Lori linazeeka, mashine inachakaa, nyumba inavuja. Hayo hatujayaondoa."

"Kwa hiyo ni kama mahindi yaliyopukuchuliwa lakini bado hayajapepetwa."

"Hivyo hivyo!" nikasema kwa nguvu, na hofu yote ikaniachia. Mtu huyu alikuwa ameelewa, na kama yeye ameelewa, Malaba nzima imeelewa.

Ndipo akanyanyua macho akaitazama ile karatasi ukutani, akavuta kipaza sauti karibu na mdomo. "Wasikilizaji, mbele yangu kuna mistari miwili. Nyekundu ni Kenya, njano ni Uganda. Mwalimu atanitajia miaka, mimi nitawatangazia. Tayari?"

Tulianza. Nilitaja mwaka, nikamgusia kidole mahali mistari ilipo, na yeye akaiendesha sauti yake ileile ya mpira. "Kenya yuko juu, ametulia, hana wasiwasi. Uganda yuko chini, amelala, jamani, hali si nzuri... Haya, Uganda anainuka! Anainuka taratibu... ameteleza! Ameinuka tena!" Nilianza kumwahi, nikidakia sababu kabla hajauliza: hapa amani imerudi, watu wanalima tena, hapa matumizi ya Kenya yanakua haraka kuliko mapato, hapa ukame umewapiga wote wawili. Tulipokaribia mahali pa kukutana nilikuwa nimesimama, na yeye amesimama, na fundi mitambo nyuma ya kioo amevua vipokea sauti vyake anachungulia karatasi. "Wanakaribiana! Bega kwa bega! Huoni mwanya kati yao! Na Uganda... Uganda amepitaaa!"

Simu zikaanza kuwaka zote kwa pamoja. Wa kwanza kupokelewa alikuwa na kelele za honi nyuma yake, na nilimtambua kabla hajamaliza salamu.

"Mimi ni msikilizaji wa Malaba, upande wa Kenya," kaka yangu alisema kwa sauti ya kiofisi. "Nina swali kwa huyo mwalimu. Ni kweli kwamba Kenya na ukubwa wake wote imeweka pesa kidogo kuliko Uganda? Ajibu ndiyo au hapana, na akumbuke alikozaliwa."

Mtangazaji alinitazama. Nilivuta pumzi. "Hapana," nikasema, na upande wa pili wa simu wanaume wakapiga mayowe. "Ngoja kwanza, kaka. Kuna mkulima anavuna magunia ishirini, anaweka mawili. Jirani yake anavuna matano, anaweka moja. Nani ameweka mengi?"

"Wa ishirini!"

"Na nani amejinyima zaidi?"

Nilisikia lori likibadilisha gia. "Wa matano," akasema hatimaye, kwa shida.

"Basi. Ukihesabu magunia ghalani, Kenya ana mengi, kwa sababu shamba lake ni kubwa. Ukiuliza katika kila gunia alilovuna ameweka kiasi gani, kwa miaka hii ya karibuni Uganda ametangulia. Mistari hii inajibu swali la pili."

"Kwa hiyo nani analipa soda?" akauliza mtu mwingine nyuma yake, na simu ikakatika katikati ya kicheko.

Aliyefuata alikuwa mama mtu mzima, anaongea kwa kupaza sauti kana kwamba ananiita kutoka ng'ambo ya mto.

"Haro! Haro! Mimi napiga kutoka Kirewa. Madamu, mimi nauliza. Mtoto yangu msichana iko Arabuni, nafanya kazi ya nyumba. Yeye natuma pesa, mimi nimejenga nyumba ya mabati. Sasa hiyo pesa, nyinyi nahesabu kwa Uganda ama nahesabu kwa Waarabu?"

"Kwa Uganda, mama," nikamjibu. "Ndiyo maana tunaita ya taifa. Mtoto wa Uganda akituma nyumbani, imo kwenye hesabu ya Uganda. Ile uliyonunulia sabuni na chumvi imeliwa. Ile uliyojengea nyumba ni akiba."

"Iko ndani ya hiyo mstari?"

Niliitazama karatasi. Niliutazama mstari wa njano ambao nilikuwa nimeuchora kwa kalamu, nikausifu, nikautangaza, bila kumfikiria mtu yeyote. "Imo, mama. Jasho la mtoto wako limo humu."

Alipiga kigelegele kirefu mpaka fundi mitambo akapunguza sauti kwa mikono miwili. Mtangazaji alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na mimi nilikuwa nimeshika kifua. Tangu nianze kufundisha, sikuwahi kupigiwa kigelegele kwa sababu ya takwimu.

Tulikuwa tunakaribia kufunga mtangazaji alipopokea simu ya mwisho. Ilikuwa sauti ya taratibu.

"Mimi ni mkulima wa Mulanda," mume wangu alisema. "Nasikiliza vizuri. Nafurahi Uganda iko juu. Lakini nataka kuuliza juu ya karo. Ukilipa karo ya shule, hesabu yenu nasema nini? Ni akiba ama ni kula?"

Swali hilo nilikuwa naliogopa wiki nzima. "Kwa namna hesabu hizi zinavyofanywa," nikasema, "karo inahesabiwa kama matumizi."

"Yaani imeliwa?"

"Ndiyo. Imeliwa."

"Mimi nilikuwa na ng'ombe," akasema. "Bibi yangu, mama ya watoto, alitaka kurudi kusoma chuo kikuu. Watu wa kwetu wakasema weka ng'ombe, mwanamke atasoma ya nini tena na watoto anao. Mimi nikauza yote, nikalipa. Sasa hii hesabu nasema mimi nilikula hiyo ng'ombe?"

Mtangazaji, ambaye hakumjua, alinipungia mkono nijibu haraka kwa kuwa muda umekwisha. Habari ya ng'ombe niliijua. Nilikuwepo walipoondoka, nilisimama mlangoni nikiwaona wakiswagwa kuelekea mnadani. Lakini sikuwahi kumsikia akiisema mbele za watu, na sikujua maneno aliyoambiwa na ndugu zake. Alikuwa amenificha hayo yote.

"Msikilizaji wa Mulanda," nikasema, "hesabu hizi zina upungufu wake, na hata wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo. Ukininunulia ng'ombe, wanaandika akiba. Ukinisomesha, wanaandika umekula. Lakini hukula. Ng'ombe wako ndio wanaozungumza nawe sasa hivi."

Mtangazaji alituangalia, mimi na kipaza sauti, kana kwamba mmoja wetu ameota pembe. Kisha akaelewa. "Jamani!" akapiga kelele. "Jamani, wasikilizaji, huyu ni mume wake!"

Sijui alisema nini baada ya hapo, maana nilikuwa nacheka na kulia kwa wakati mmoja, na wimbo wa kufungia ulikuwa umeshaanza. Nilipotoka nje nilimkuta mume wangu amesimama uani, amevaa shati lake la kanisani. Alikuwa amepiga simu kutoka hapohapo, nje ya ukuta.

"Umejibu vizuri," akasema, akaangalia pembeni.

"Kwa nini hukuniambia watu wenu walisema vile?"

"Ungeacha kusoma."

Ilikuwa kweli. Ningeacha. Nilimshika mkono mbele ya walinzi na wauza karanga, jambo ambalo kwa kawaida hatulifanyi, na tukatembea hivyo mpaka barabarani.

Baada ya siku ile mtangazaji alinipa nafasi ya kila Jumamosi. Nimeshaeleza bei za vitu, deni la nchi, kodi, na kila mara yupo wa kupiga simu anayenitoa jasho. Yule mama wa Kirewa alirekodiwa na mtu kwenye simu, sauti ikasafiri, na wiki mbili baadaye kituo kilipokea ujumbe wa sauti kutoka Arabuni. Tuliucheza hewani. Binti yake alikuwa anaongea kwa kunong'ona, labda waajiri wake walikuwa wamelala chumba cha pili. "Madamu, nimemsikia mama akipiga kigelegele," alisema. "Huku tuko wengi. Nimewaambia wenzangu kwamba tunahesabiwa." Darasani kwangu ujumbe huo niliucheza mara mbili, na hakuna mwanafunzi aliyecheza na kalamu yake.

Mwezi uliopita nilikuwa navuka Busia kwenda kumwona mama. Pale kwenye jengo la mpakani maafisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja, wa Kenya dirisha hili, wa Uganda lile. Niliposema habari ya asubuhi, afisa wa Uganda aliinua kichwa.

"Hii sauti naijua. Wewe ni madamu wa mistari."

"Ni mimi."

"Hebu niambie kitu kimoja. Je, Tanzania wako wapi?"

Afisa wa Kenya aliacha kazi yake akasogeza kiti. "Usimjibu kwanza," akasema. "Mimi nasema wako juu yetu wote." Mwanamke mmoja aliyebeba vitenge nyuma yangu akasema haiwezekani, shemeji yake yupo Mwanza na kila siku anakopa. Dereva wa lori akamuuliza shemeji mmoja anawezaje kuwa nchi nzima. Foleni ikasogea mbele, si kwa ajili ya mihuri bali kwa ajili ya kusikia, na mimi nikatoa kalamu kwenye mkoba nikaomba karatasi. Afisa wa Uganda akanipa moja. Nilifika kwa mama chakula kimeshapoa, nikiwa na wino kwenye vidole, nikaanza kumsimulia kabla sijaketi.